Mkunjo kwenye Kiti cha Nyuma

Mwanamume akikwambia hamwogopi mama mkwe wake, ujue bado hajaoa. Mimi wangu namwogopa mara mbili: kwanza kwa sababu ndiye aliyemzaa mke wangu, pili kwa sababu ya uzi. Gereji nzima inamwita Mama Uzi, na hata mafundi wa bodi, watu wanaoongea kwa kupigiana kelele siku nzima, hunyamaza akiutoa mfukoni mwa aproni yake. Ni uzi wa kawaida wa kushonea viti vya magari, mweupe, mgumu, uliopakwa nta. Nimeuona kwa miaka tisa, na kwa miaka tisa nilidhani watu wanakuza mambo tu.

Jumamosi ile niliyompelekea gari langu sikwenda kupimiwa chochote. Nilikwenda kushonewa.

Naendesha gari dogo la kubebea wanafunzi, watoto kumi na mmoja, asubuhi na alasiri. Viti vyote alinivikia yeye mama mkwe, kitambaa cha kijivu chenye pindo la bluu, kazi safi ambayo hata wazazi huisifu. Jumanne alasiri ya wiki hiyo nilikuwa nimeshateremsha watoto wote, nimesimama kwenye taa nyekundu peke yangu, pikapu ikanigonga kwa nyuma. Kishindo kilikuwa kikubwa. Shingo ililia, kofia yangu ikaenda kukaa kwenye dashibodi. Nilishuka matusi yamenijaa mdomoni, lakini nilipofika nyuma yakakosa pa kutokea. Bampa lilikuwa pale pale, limenyooka, linang'aa. Kilichovunjika kilikuwa kioo cha taa moja tu. Pikapu ya watu ndiyo iliyokuwa imebonyea pua yote, na dereva wake amesimama mikono kichwani. Nikampiga bega, nikamwambia gari langu liliundwa na watu wasio na haraka, asijilaumu sana. Jioni hiyo hiyo akaniletea kioo kipya, tukaagana kama ndugu.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba kioo kilipasuliwa na jiwe. Sikuona sababu ya kumpandisha mtu presha kwa jambo lililokwisha.

Jumatano nikabeba watoto. Alhamisi nikabeba. Ijumaa binti yangu, aliye darasa la pili na ambaye hukaa kiti cha mwisho kabisa, kona ya kushoto, akaniambia, "Baba, kiti chetu kinalia." Nikamjibu, "Kibembelezeni, kitanyamaza." Watoto wakacheka mpaka shuleni, nami nikajiona mcheshi kweli kweli. Jioni nilipokuwa nafagia gari nikaona mshono wa kiti hicho umefumuka pembeni, na kitambaa kimefanya mkunjo wa mshazari, kuanzia kona ya juu hadi kona ya chini. Nikawalaumu watoto, maana watoto huwa hawakosi kosa.

Gereji yenyewe ni uwanja uliozungushiwa mabati. Upande mmoja kuna kibanda cha kupulizia rangi, upande mwingine banda la wazi lenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikawa laini kama meza. Sakafu hiyo ndiyo ofisi ya mama mkwe. Ole wake atakayemwaga oili pale. Pembeni kuna cherehani yake, marobota ya kitambaa, magodoro ya sponji, na stuli moja ambayo sijawahi kumwona ameikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo kabisa. Nimeleta kazi ndogo, mshono umefumuka. Dakika kumi tu nikuache upumzike."

Aliingia garini. Amepita miaka sitini, ni mwembamba, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Akapita katikati ya viti mpaka mwisho, akakaa kona ya kushoto, pale pale anapokaa mjukuu wake. Akajisogeza kidogo kulia, kidogo kushoto. Akapitisha kiganja juu ya ule mkunjo polepole, na kisha akauliza bila kunitazama:

"Nani amekugonga?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Kioo kipya kilikuwa kimeshafungwa, bampa limeoshwa, na kule nyuma hakuenda hata kutupia jicho.

"Nani kasema nimegongwa, mama?"

"Mshono wangu. Huu niliupiga mara mbili. Haufumuki kwa kukaliwa, hata tembo wakiukalia. Unafumuka ukivutwa, na kitambaa hakijivuti chenyewe. Chuma kilicho chini yake kimehama."

"Ni kamguso tu, mama. Bampa halina hata mkwaruzo."

"Ndiyo tabia yake," akasema. "Bampa la plastiki likipigwa linaingia ndani, halafu linarudi mahali pake linajifanya halikuwepo. Waliokuwa nyuma yake ndio waliokula kipigo. Lisogeze gari kwenye sakafu."

Nikamwambia kwa adabu zote kwamba Jumatatu alfajiri nina watoto kumi na mmoja wa kupeleka shule. Nilitaka aelewe kuwa siwezi kuanza kufungua gari lililo zima. Gari likilala, nami nimelala, na wazazi hawachelewi kutafuta dereva mwingine.

"Kwa ajili hiyo hiyo, baba," akanijibu. "Lisogeze."

Mkwe habishiwi. Nikalisogeza huku nimenuna.

Inafaa nieleze mama huyu aliingiaje katika ufundi wa magari, maana hakuingia kwa mlango. Miaka thelathini iliyopita alikuwa fundi wa kushona nguo, kibaraza chake kikitazamana na lango la gereji hii. Mwenye gereji, mzee tunayemwita Babu Spana, akampa kazi ya kuvika viti vya teksi moja iliyokuwa imenyooshwa na kupakwa rangi upya. Akapima, akakata, akashona. Kifuniko kikakataa kukaa. Akakifumua, akakishona tena, kikakataa tena, na kila mara mkunjo unajitokeza mahali pale pale. Babu Spana akamtania mbele ya watu kwamba gari si gauni, halipunguzwi kiuno. Fundi mwingine angeongeza kitambaa akafunika aibu yake, mambo yakaisha. Yeye alichukua uzi akapima kutoka mguu wa kiti hadi kizingiti cha mlango, upande wa kushoto na upande wa kulia. Akamwambia babu, "Nguo yangu iko sawa. Aliyepinda ni mvaaji." Wakaangua kicheko. Wakainua kapeti ili wamkomoe, wakakuta sakafu ya gari imepasuka na ufa umezibwa kwa puti.

Tangu siku hiyo hakuna gari lililogongwa linalotoka pale kabla hajalipitishia uzi. Hajasomea ufundi popote. Hajui kuendesha, na ukimwambia akuwashie gari atakuuliza ufunguo unatiwa wapi. Kuna hadithi waliyonisimulia wakati nachumbia: kwamba alikuja mkaguzi wa bima, kijana nadhifu, na mashine ya miale ya kupimia chasisi. Wakapima gari moja, kila mtu kwa njia yake. Mashine ikasema milimita kumi na mbili. Mama akaweka mafundo mawili ya uzi wake mezani, kijana akapitisha rula katikati yake, akapitisha tena. Kumi na mbili. Nilipoisikia hadithi hiyo nilicheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka akitaka kupewa mke. Moyoni nikasema, hawa wananiuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa nilikuwa nimesimama juu ya sakafu hiyo. Mama alilala chali kwenye kipande cha godoro, akajisukuma chini ya gari, na kuning'iniza timazi ya waashi kutoka kwenye tundu moja la chasisi, kule mbele. Kile kichuma kikayumba, kikatulia, naye akaweka alama ya chaki sakafuni chini ya ncha yake. Akafanya hivyo mbele upande wa pili, kisha nyuma kushoto, kisha nyuma kulia. Hakuwa na haraka. Kila mara alisubiri kichuma kitulie kabisa, hata upepo ulipokitikisa alikisubiri, na mafundi waliokuwa wakipita na mitungi yao ya gesi walizunguka mbali wasije wakatingisha hewa.

"Liondoe," akasema alipotoka.

Nikaliondoa. Nikarudi kwa miguu, na hapo ndipo nilipoanza kuona ninachokieleza. Gari halikuwepo, lakini pale chini palikuwa na nukta nne nyeupe, na zile nukta nne zilikuwa gari langu, bila rangi, bila bampa, bila maneno yangu.

Akanipa ncha ya uzi. "Shikilia hapo, kwenye alama ya mbele kushoto." Akautandaza kukatiza hadi alama ya nyuma kulia, akaunyoosha, akafunga fundo juu ya chaki. Tukahama. Mimi nikashika mbele kulia, yeye akaenda nyuma kushoto. Gari lililonyooka, akanieleza, fundo linaangukia kwenye alama. Aliinama nami nikanyoosha shingo. Fundo lilikuwa limeipita alama, na nafasi iliyobaki katikati ningeweza kulaza kidole changu cha shahada na bado pakabaki.

Nikauvuta uzi kidogo upande wangu. Aibu gani hii, mtu mzima na ndevu zangu, nilitaka fundo lirudi.

"Usifanye hivyo, baba," akasema bila kuinua kichwa. "Hapo unajidanganya wewe peke yako."

Nikairudisha ncha kwenye alama. Masikio yaliniwaka. Nilikuwa nimeendesha gari hilo siku tatu kwa mkono mmoja nikipiga mluzi, na halikuvuta kulia wala kushoto, halikutoa mlio wowote nilioutambua. Mwanamke asiyejua gia ya kwanza iko wapi alikuwa amelala chini yake muda usiozidi robo saa na uzi wa kushonea, akajua lilikopigwa, lilikoelemea na kwa kiasi gani. Nimewahi kuingia katika nyumba za ibada nikiwa na kiburi zaidi ya nilichokuwa nacho pale.

Wakaitwa mafundi wawili wakalifungua bampa. Lilitoka zima, zuri, wakaliegemeza ukutani kama picha. Nyuma yake kulikuwa na upau wa chuma unaovuka kutoka upande hadi upande, na upau ule ulikuwa umepinda katikati kama hanga iliyotundikiwa koti bichi. Sponji yake ilikuwa imevunjika vipande. Mama akawaonyesha kwa kidole ncha za chasisi, mahali rangi ilipojikunja na kubanduka kwa sababu chuma cha chini kilijikunja kwanza. Akagonga buti la gari kwa vifundo vya vidole, akisikiliza. Upande wa kulia uliitika kwa sauti moja, wa kushoto kwa sauti nyingine. Mimi nilisikia ko na ko. Fundi mmoja akaninong'oneza kwamba hata yeye husikia ko na ko, na ana miaka kumi na mitano pale.

"Sasa kapeti," akasema mama.

Nilijua tunakwenda wapi na sikutaka kwenda. Kiti cha mwisho ni kirefu, cha watoto wanne, kimesimama juu ya miguu minne iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya gari, na mikanda ya watoto imefungwa kwenye kiti hicho hicho. Akakata kapeti kwa mkasi wake wa kazi, akaifunua. Sakafu haikuwa tambarare tena. Ilikuwa imejikunja mawimbi madogo, na kuzunguka miguu miwili ya kushoto chuma kilikuwa kimechanika mviringo, kama karatasi inavyochanika kuzunguka pini. Bolti zilikuwa zimekaza vizuri sana, sema zilikuwa zimeshika kipande cha bati kisichoshikana na chochote.

"Bolti ni nzima," nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

"Bolti ni nzima," akakubali. "Kivute kiti."

"Nikivute vipi, mama?"

"Kwa mkono mmoja. Taratibu. Kama vile umefunga breki na watoto wamekuja mbele."

Nilikishika juu ya egemeo lake, nikakivuta. Sikutumia nguvu. Mguu wa kwanza ukainuka kutoka sakafuni na bolti yake na kipande chake cha bati, na wa pili ukaufuata, ukatoa ule mlio, wii, mwembamba, mlio ambao binti yangu aliniambia nami nikamjibu kwa mzaha. Upande mzima wa kushoto wa kiti ukabaki hewani, mkononi mwangu. Mwangaza wa nje uliingia kupitia ufa na kunipiga kwenye kiatu.

Nikakishusha kwa uangalifu wa kijinga, kama kwamba kulikuwa na mtu amekikalia.

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kwenda na kurudi, safari sita. Alhamisi nilikuwa nimefunga breki ghafla kwa sababu ya mbwa. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa gari, nikalia. Sioni haya kusema. Mafundi wakajifanya wana kazi kwingine.

Mama mkwe alisimama mbele yangu akiviringisha uzi wake kidoleni. Nilisubiri anitukane. Kwa kweli nilitamani anitukane, ingekuwa afadhali. Alisubiri nimalize, kama anavyosubiri timazi itulie.

"Gari hili linanyooka," akasema baadaye. "Chasisi itavutwa, sakafu itakatwa na kuchomelewa upya, upau utawekwa mwingine. Wiki mbili, labda tatu. Halafu nitalipima tena, na fundo lisipoangukia kwenye alama halitoki. Hilo ni letu. Wazazi je?"

"Nitawaambia gari ni bovu, liko gereji."

Alivaa miwani yake akanitazama, na nikasikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyonyooka kwa nje.

Nikatoa simu. Watoto kumi na mmoja, mmoja wangu, wawili mapacha, kwa hiyo nyumba tisa. Niliwapigia wote nikiwa nimekaa pale pale kwenye ngazi. Nikamwambia kila mmoja kwamba niligongwa Jumanne, sikukagua, nikawabeba watoto siku tatu kwenye kiti ambacho hakikuwa kimeshikwa upande mmoja, na kwamba hakuna aliyeumia kwa rehema za Mungu wala si kwa akili zangu. Baba mmoja alinitukana mpaka simu ikakatika, akapiga yeye akaendelea. Mama wa mapacha alisema asante kwa sauti ndogo, na asante hiyo iliniuma kuliko matusi. Wawili waliniambia nisirudi kwao tena. Mama mkwe alikuwa ameinamia cherehani lakini haikuzunguka hata mara moja.

Ikabaki nyumba ya kumi.

"Huyu nimpigie mimi?" akauliza.

"Hapana, mama. Huyu ni wangu."

Mke wangu alipokea akiwa anacheka na mtu, nadhani na mtoto. Nikamwambia habari ya jiwe haikuwa kweli. Nikamweleza yote, pikapu, fundo, kapeti, kiti kilivyoinuka mkononi. Nilipomaliza akauliza swali moja tu, alilolijua jibu lake: "Alikuwa amekaa wapi?"

"Pale pale pake. Kona ya kushoto."

Nikasikia akivuta pumzi. Halafu akasema, "Mama yupo hapo? Mpe simu."

Nikainuka nikampelekea. Alijifuta vidole kwenye aproni kwanza, akaiweka sikioni. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake kama mshtakiwa. Alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kidogo kidogo. "Ndiyo." "Ndiyo, nimeona kwa macho yangu." "Hapana, usije sasa." Kisha mke wangu akauliza kitu ambacho sikukisikia, na mama akanitazama.

"Amelileta mwenyewe," akasema. "Na wazazi wote amewapigia mwenyewe, nikiwa hapa."

Akanirudishia simu. Ilikuwa imeshakatwa. Nikaishika tu. Mama huyu sikuweza kumficha kitu tena, hata kama kukificha kungekuwa kwa faida yangu.

"Mama," nikasema, "mimi nililileta nikitaka mshono tu. Dakika kumi. Nilikuwa naondoka."

"Najua ulichotaka, baba," akanijibu. "Mimi nimemwambia ulichofanya."

Kisha akaniuliza kama nimekula.